AMANA YA AKILI: WAJIBU WETU KWA MCHEZAJI ALIYEGONGWA KICHWA

(Mada iliyotolewa mbele ya walimu wa madrasa, wazazi na viongozi wa vijana katika kikao cha maandalizi ya michezo ya likizo. Imechapishwa hapa kwa manufaa ya wasomaji.)

 



Tulipoombwa kuzungumza katika kikao hiki, huenda wengi wenu mlitarajia tuzungumzie mavazi ya wachezaji, kuchunga nyakati za swala au adabu za kushangilia. Hayo yana mahali pake, na wapo watakaoyaeleza vizuri kuliko sisi. Sisi tumechagua jambo ambalo halijapata kutajwa katika vikao vyetu vya michezo, nalo ni hali ya kijana anayegongwa kichwa uwanjani, na wajibu wetu sisi watu wazima tunaosimama pembeni tukiamua atoke au aendelee.

Tumelichagua kwa sababu tuliwahi kukosea, na anayejua kosa lake akalificha huwaacha wenzake walirudie.

KISA CHETU

Katika michezo ya likizo ya miaka michache iliyopita, kijana wetu mmoja wa miaka 13, aliyekuwa amehifadhi juzuu tisa, aliruka kupiga mpira kwa kichwa akagongana na mwenzake, kichwa kwa kichwa. Alianguka, akalala kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu, kisha akainuka mwenyewe. Tulimmwagia maji. Tulimuuliza kama yuko sawa, akajibu yuko sawa. Mmoja wetu akampigapiga mgongoni akamwambia kuwa mwanamume hakai chini kwa pigo dogo. Timu yetu ilikuwa nyuma kwa bao moja, naye ndiye tuliyemtegemea. Akarudi uwanjani. Dakika chache baadaye alichukua mpira akaukimbiza kuelekea goli la timu yake mwenyewe. Watu wakacheka, nasi tulicheka pamoja nao.

Jumatatu yake kijana yule aliketi mbele yetu kusoma kwa moyo sura aliyoisoma mara nyingi bila kosa. Akakwama katika aya ya tatu. Tukamrudisha mwanzo, akakwama tena palepale. Alisema kichwa kinamuuma na mwanga wa dirishani unamchoma macho. Tukaona hivyo ni visingizio vya mtoto aliyeshughulishwa na mpira, tukamsimamisha mbele ya wenzake mpaka kipindi kikaisha.

Siku ya nne alikuja mama yake. Hakuja kwa ugomvi. Alisema, "Ustadh, mtoto niliyewaletea siye huyu mliyenirudishia. Analala mchana kutwa, anamfokea mdogo wake bila sababu, na jana nilimtuma dukani akarudi kuniuliza nimemtuma nini." Hapo ndipo tuliposhtuka, tukafuatana naye hadi kwa daktari.

Daktari alimpima kwa utulivu, kisha akatugeukia sisi. Alituambia kuwa tumefanya makosa mawili: kumrudisha uwanjani, na kumwadhibu kwa ugonjwa. Akauliza mechi nyingine ni lini. Tukamjibu kuwa Ijumaa ni fainali, na jina la kijana limo katika orodha. Akasema, "Basi kosa la tatu mlikuwa mmeshaliandaa, na hilo pengine lisingekuwa na dawa."

Alhamdulillah, baada ya majuma matano kijana alirejea katika hali yake, na juzuu zake zikarudi moja baada ya nyingine. Lakini kupona kwake hakufuti deni letu. Tulikuwa na amana ya watu mikononi, tukaichezea kwa sababu ya bao moja.

MTIKISIKO WA UBONGO NI NINI?

Ubongo ni kiungo laini kilichomo ndani ya fuvu gumu, kikizungukwa na majimaji. Kichwa kikipigwa kwa nguvu, au hata mwili ukipigwa kiasi cha kukirusha kichwa mbele na nyuma kwa ghafla, ubongo hutikisika na kujivuta humo ndani. Hali inayotokea huitwa mtikisiko wa ubongo. Waarabu wa leo huiita irtijaaj, neno lenye maana hiyo hiyo ya kutikisika.

Mara nyingi mtikisiko huu hauvunji mfupa wala hautoi damu. Kinachoharibika ni utendaji. Chembe za ubongo huvurugikiwa na mizani ya madini yake, zikahitaji nguvu nyingi kujirekebisha, na wakati huo huo mtiririko wa damu unaoziletea nguvu hiyo hupungua. Ndiyo maana mgonjwa huweza kupigwa eksirei au picha kubwa ya kichwa ikaonekana safi, ilhali yeye anaumwa kweli. Picha hizo hutafuta mfupa uliovunjika na damu iliyovuja, na kazi hiyo zinaifanya. Mtikisiko wenyewe kwa kawaida hauonekani humo.

Jambo la pili ambalo wengi hatulijui ni kwamba wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu kabisa. Sisi tumezoea kupima kwa kuzirai: aliyezirai ameumia, asiyezirai ni mzima. Kipimo hicho si sahihi. Na dalili si lazima zijitokeze papo hapo. Nyingine huanza baada ya saa kadhaa, au hata siku moja mbili baadaye.

Elimu hii si ngeni kwa Waislamu. Tabibu Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi, aliyefariki mnamo mwaka 925, hutajwa na waandishi wa historia ya tiba kuwa miongoni mwa wa mwanzo kuitenga hali ya ubongo kutikisika na jeraha la wazi la ubongo. Nao mafaqihi wetu waliyapanga majeraha ya kichwa daraja kwa daraja, kuanzia mkwaruzo wa ngozi hadi jeraha linalofika kwenye ubongo. Wakaeleza kuwa anayemwondolea mwenzake akili kwa pigo hudaiwa diya kamili, ijapokuwa mpigwa yu hai na viungo vyake vyote vipo. Akili ni miongoni mwa mambo matano ambayo sharia imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Tunasomesha hayo darasani kila mwaka. Uwanjani tunayasahau.

DAWA YA ASIYEJUA

Wengi wenu mnakijua kisa kilichopokelewa na Jabir bin Abdillah, kilichomo katika mkusanyiko wa Abu Daud. Watu walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe kichwani likamjeruhi. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu, wakamjibu kuwa hawaoni ruhusa hiyo madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu kwa maneno mazito, akalihesabu jambo lile kuwa ni kumuua mtu, na akawafahamisha kuwa asiyejua dawa yake ni kuuliza.

Tukizingatie kisa hiki vizuri. Wale watu hawakumchukia mwenzao. Walikuwa wema na walitaka swala yake isihi. Walimponza kwa kutoa jawabu wasilolijua, juu ya mtu mwenye jeraha la kichwa. Mwalimu anayemwambia kijana aliyegongwa "simama, hujambo" anatoa fatwa ya tiba bila ya elimu. Nasi tuliitoa.

PIGO LA PILI

Ubongo uliotikisika ukapigwa tena kabla ya kupona huweza kushindwa kuidhibiti damu inayoingia ndani yake. Ukavimba ndani ya fuvu lisilo na nafasi, na katika muda wa dakika chache mtu akaanguka. Ni tukio la nadra, na waliopatwa wengi wao ni vijana wadogo. Lakini likitokea, mara nyingi huua au huacha ulemavu wa maisha.

Mwezi wa Oktoba 2006, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kijana wa miaka 13 aitwaye Zackery Lystedt alijigonga kichwa akicheza mpira wa Kimarekani. Alipumzishwa kidogo, kisha akarudishwa kipindi cha pili. Mechi ilipokwisha alianguka. Madaktari walilazimika kulifungua fuvu lake kupunguza mgandamizo, na ilimchukua miaka kujifunza upya mambo ambayo mtoto mdogo huyaweza. Wazazi wake hawakukaa na huzuni yao ndani. Walipigania sheria, na mwezi wa Mei 2009 jimbo hilo likapitisha sheria yenye jina la mtoto wao: mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko atolewe hapo hapo, wala asirudi mpaka mtaalamu wa afya aidhinishe kwa maandishi. Ilipofika mwaka 2014 majimbo yote 50 ya nchi ile yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Mwezi wa Januari 2011, huko Carrickfergus, Ireland ya Kaskazini, mwanafunzi wa miaka 14 aitwaye Benjamin Robinson aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya raga ya shule. Alitazamwa uwanjani, akaendelea. Alianguka mechi ikikaribia kumalizika, akafariki hospitalini.

Na mwezi wa Mei 2013, mjini Ottawa, Kanada, Rowan Stringer, binti wa miaka 17 na nahodha wa timu ya raga ya shule yake, alifariki baada ya kugongwa kichwa mara kadhaa katika siku chache. Yeye mwenyewe alishuku kuwa ana tatizo, na alikuwa amemwandikia rafiki yake kuhusu maumivu ya kichwa. Watu wazima waliokuwa na mamlaka ya kumzuia asicheze hawakuwa na habari. Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilipitisha sheria inayoitwa kwa jina lake.

Wazazi hao wote wako mbali nasi kwa nchi na kwa desturi. Msiba wao sisi tungeweza kuupata Ijumaa ile, katika uwanja wetu wa mchanga.

MFANO WA WAKUBWA

Vijana wetu huwaiga wachezaji wakubwa, kwa hiyo tuwape mifano kutoka huko huko.

Tarehe 13 Julai 2014, katika fainali ya Kombe la Dunia kati ya Ujerumani na Argentina, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer aligongwa kichwani mapema katika kipindi cha kwanza. Aliendelea kucheza kwa takriban robo saa. Kisha akamwendea mwamuzi kumuuliza kama mechi ile ndiyo fainali. Mwamuzi akawaarifu wenzake, naye akatolewa. Tazameni jambo hili: mamilioni ya watu walikuwa wakimtazama, madaktari wapo, na bado mtu asiyejua yuko katika mechi gani alikuwa akikimbia uwanjani. Mwezi mmoja kabla yake, katika mashindano hayo hayo, Alvaro Pereira wa Uruguay alipoteza fahamu katika mechi na Uingereza, daktari akaashiria atolewe, mchezaji mwenyewe akakataa, akarudi. Wapo waliomsifu kwa ushujaa. Lakini ubongo ulioumia ndio huo huo unaoulizwa kama umeumia. Jawabu lake litategemewaje?

Sasa tazameni mfano mwingine. Tarehe 4 Mei 2019 Mohamed Salah aligongana na mlinda mlango wa Newcastle, akatolewa kwa machela. Siku tatu baadaye timu yake ya Liverpool ilikuwa na mechi ya nusu fainali ya Ulaya dhidi ya Barcelona, ikiwa imeshafungwa mabao 3 kwa 0 katika mechi ya kwanza. Hakuna timu iliyomhitaji mchezaji wake kuliko Liverpool usiku ule. Kocha alieleza kuwa Salah anajisikia vizuri, lakini utaratibu haumruhusu. Akaketi jukwaani. Liverpool ikashinda 4 kwa 0.

Hatusemi kuwa kila anayemweka nje mchezaji wake atashinda. Hata wangefungwa, uamuzi ungebaki kuwa sahihi. Ikiwa mchezaji wa thamani ile aliwekwa nje ya mechi kubwa kama ile, kijana wetu anaweza kuikosa fainali ya kugombea seti ya jezi.

Kanuni za mpira nazo zimeanza kubadilika. Majaribio ya kumruhusu mchezaji wa akiba wa ziada kwa ajili ya aliyeshukiwa kupata mtikisiko yalianza mwaka 2021, na tangu Julai 2024 mashindano yanaweza kuutumia utaratibu huo kwa mujibu wa kanuni zenyewe. Sisi katika michezo yetu hatuhitaji kungoja ruhusa ya mtu. Tunaweza kuafikiana leo.

DALILI ZA KUTAZAMA

Mchezaji aliyegongwa atazamwe kwa mambo haya:

(i) Yanayoonekana na wengine: kulala chini bila ya kujimudu, kuinuka polepole, kuyumba, macho ya kushangaa, kuchanganyikiwa, kujibu kwa kuchelewa, kwenda upande usio wake. Kijana wetu alipolikimbilia goli lake mwenyewe alikuwa anatupa dalili wazi, nasi tukaifanya kichekesho.

(ii) Anayoyahisi mwenyewe: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuumizwa na mwanga au kelele, uzito wa kichwa, usingizi usio wa kawaida, kujisikia tu kuwa hayuko sawa.

(iii) Yanayohusu akili na tabia: kusahau yaliyotokea kabla au baada ya pigo, kushindwa kuhifadhi na kufuatilia somo, hasira, huzuni, kulia kwa jambo dogo.

Kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 12 yapo maswali mepesi ya kumuuliza: Tuko uwanja gani leo? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga bao la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Akikosea hata moja, atoke. Lakini akiyajibu yote, hiyo si hati ya uzima. Dalili moja tu miongoni mwa tulizozitaja inatosha kumtoa, na akitoka asirudi siku hiyo kwa hali yoyote.

Zipo dalili za hatari zinazotaka hospitali bila ya kuchelewa: maumivu ya shingo, kupoteza fahamu, degedege, kutapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yanayozidi, kuona vitu viwili viwili, udhaifu au ganzi katika mikono au miguu, kuchanganyikiwa kunakoongezeka, fujo isiyo ya kawaida yake, na usingizi ambao hawezi kuamshwa. Mwenye maumivu ya shingo au aliyezirai asinyanyuliwe wala kukalishwa kwa pupa. Aachwe alivyo, kichwa chake kishikwe kisicheze, madhali anapumua vizuri, mpaka apatikane anayejua kumbeba. Kumvuta miguu, kumpiga makofi mashavuni, kumchua shingo na kumnusisha vitunguu ni mambo tuliyoyarithi, na hayana tiba ndani yake.

Saa za mwanzo asiachwe peke yake, asiendeshe baiskeli wala pikipiki, na asipewe aspirini wala dawa nyingine za kutuliza maumivu bila ya kumuuliza mtaalamu. Usingizi wenyewe si sumu kama tunavyoambizana. Aliyekwisha kupimwa na hana dalili za hatari ataachwa alale, na wa nyumbani wamtazame.

NJIA YA KUREJEA

Wataalamu wa dunia wamekuwa wakikutana kuliangalia jambo hili tangu mkutano wa Vienna mwaka 2001, na mkutano wao wa Amsterdam ulifanyika mwaka 2022. Muhtasari wa mwongozo wao ni huu.

Siku moja au mbili za mwanzo ni za mapumziko, lakini si ya kumfungia mtu katika chumba cha giza kama ilivyokuwa ikishauriwa zamani. Atembee ndani ya nyumba na afanye mambo mepesi. Simu na televisheni apunguze sana. Baada ya hapo hupanda ngazi moja moja, kila moja kwa muda usiopungua saa 24:

1. Shughuli za kawaida za kila siku zisizomzidishia dalili.
2. Mazoezi mepesi, kama kutembea kwa haraka, kisha kukimbia polepole.
3. Mazoezi ya mchezo wake akiwa peke yake, pasipo hatari ya kugongwa kichwa.
4. Mazoezi na wenzake yasiyo na kugongana, kama kupasiana. Hafiki hapa mpaka dalili zote zimekwisha na mtaalamu wa afya amemwidhinisha.
5. Mazoezi kamili.
6. Mechi.

Dalili zikirudi akiwa katika ngazi za juu, arudi ngazi ya tatu. Vijana na watoto hupona polepole kuliko watu wazima, na wengi wao huchukua hadi majuma manne. Nchini Uingereza mwongozo uliotolewa mwaka 2023 kwa michezo ya mitaani na mashuleni uliweka mpaka ulio wazi: hakuna kurudi katika mashindano kabla ya siku 21, na asiingie mazoezi yenye hatari ya kugongwa kichwa kabla ya kukamilisha siku 14 bila ya dalili. Kwetu sisi, ambao daktari hayuko kila uwanja, mpaka huu ndio unaotufaa zaidi, kwa sababu kalenda kila mmoja anaweza kuisoma.

Jambo moja walimu wa madrasa tulishike kwa nguvu: masomo hutangulia mpira. Kijana asiyeweza kukaa darasani muda kamili hana ruhusa ya kukimbia uwanjani. Na hata darasani arudishwe kwa hatua. Aanze kwa kusikiliza, asome muda mfupi na kupumzika, akae mbali na mwanga mkali, asipewe hifdhi mpya mpaka atulie katika ile ya zamani. Asiadhibiwe kwa kusahau. Na ikiwa kuinama na kusujudu kunampa kizunguzungu, basi anajua, na kama hajui tumfundishe, kwamba mgonjwa ameruhusiwa kuswali akiwa ameketi.

HOJA TUNAZOZISIKIA

Wapo watakaosema: mbona sisi zamani tuligongwa na hatukufa? Ni kweli, sisi tuliomo humu ndani hatukufa. Waliokufa hawamo humu kutujibu, na walioharibikiwa huenda hatukuuhusisha udhaifu wao na pigo la uwanjani.

Wapo watakaosema kuwa kofia ya kukinga kichwa inatosha. Kofia ngumu hulilinda fuvu lisipasuke, na ni jambo jema kwa wanaopanda pikipiki. Haiuzuii ubongo kutikisika ndani.

Wapo watakaosema kuwa tahadhari nyingi ni udhaifu wa imani, kwani ajali imeandikwa. Hao tuwakumbushe kuwa kumfunga ngamia ni sehemu ya kutawakali, na hilo kila mtoto wa madrasa analijua.

Na wapo watakaosema basi michezo yote iachwe. Hatukubaliani nao. Kukimbia, kuogelea na kulenga shabaha ni mambo mema, na mwili wenye afya ni msaada katika ibada. Upo mchezo ambao wanazuoni wameukataa waziwazi kwa sababu lengo lake ni kumdhuru mtu, nao ni ngumi, kama Baraza la Fiqhi la Makka lilivyoamua mwaka 1987. Lakini mpira wa miguu lengo lake si kichwa cha mtu. Kinachotakiwa ni kuusimamia vizuri. Na tusiwasahau mabinti zetu wanaocheza netiboli mashuleni, kwani nao huanguka na kugongana.

TUNAYOYAPENDEKEZA

Kabla hatujapanga ratiba ya michezo ya likizo hii, tunakiomba kikao kikubaliane juu ya mambo matano. Kwanza, kila timu iwe na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuwatazama walioumia tu, asiwe kocha, na neno lake lisipingwe na kocha wala mzazi. Pili, anayeshukiwa atolewe na asirudi siku hiyo, na nafasi yake ijazwe na mchezaji wa akiba bila ya kuhesabiwa katika mabadiliko ya kawaida, ili timu isipate hasara kwa kutenda haki. Tatu, mzazi aarifiwe siku hiyo hiyo, na mwalimu wa darasa aandikiwe. Nne, hakuna anayerudi kabla ya siku 21 na idhini ya daktari au tabibu. Tano, watoto wa chini wapunguziwe sana mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa, kwani nchini Marekani na Uingereza vyama vya mpira vimekwisha kuwawekea mipaka wadogo.

Na juu ya hayo yote, tuwafundishe vijana kuwa anayesema "naumwa" hakuwasaliti wenzake, na anayemwona mwenzake anayumba akamwambia mwalimu hakusengenya. Rafiki wa yule binti wa Kanada alikuwa anajua. Hakuna aliyekuwa amemfundisha la kufanya.

Kijana wetu bado yupo nasi. Anasoma, na In shaa Allah atakamilisha hifdhi yake. Kila anapoketi mbele yetu na kuipita aya ile ya tatu bila ya kukwama, tunamshukuru Allah, na tunaona haya kidogo. Tumewaambieni habari hii ili nyinyi msije mkaiona haya kama yetu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atulindie watoto wetu, miili yao na akili zao, na atujaalie tuwe walinzi wema wa amana tulizokabidhiwa.